Saa Arobaini kwa Kicheko Kimoja

Mchoro uliopo mezani kwangu wiki hii una watu wanne na kiti kimoja. Wawili wamejificha, mmoja anasengenya, na wa nne, ambaye ni mjakazi anayetazamia kuolewa siku hiyohiyo, amezuia pumzi. Nimekwisha kuufanyia kazi kwa saa ishirini na sita, na kwa hesabu yangu utafika arobaini kabla sijaweka sahihi, kwa kuwa penseli ya rangi haina njia ya mkato: kila sehemu ya karatasi hupitiwa mara sita, mara nane, pengine mara kumi na mbili, kwa mkono mwepesi. Atakayeutazama, nikibahatika, atacheka kwa sekunde tatu, kisha ataenda zake.

Jirani zangu hapa Katuba, komini ya Lubumbashi, wamezoea kuniona dirishani kila asubuhi, na kwao mimi ni yule papa anayechora watu wenye nywele za bandia. Wasichokielewa, na ambacho nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri nikiandike, ni kwa nini nachora opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, tena opera ya kuchekesha, katika mji usio na jukwaa la opera, na kwa nini natumia penseli badala ya rangi za kupaka kwa brashi kama wachoraji wengi wa Lubumbashi.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Nilikuwa nikiimba sauti ya besi katika kwaya ya parokia, na kiongozi wetu, mzee aliyefundishwa muziki na mapadri, alikuwa na desturi ya kutusikilizisha kanda baada ya mazoezi. Jioni moja alituwekea Kinyozi wa Sevilla, opera ya Gioachino Rossini iliyoimbwa kwa mara ya kwanza mjini Roma tarehe 20 Februari 1816, wakati mtunzi mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 24. Humo kuna mwalimu wa muziki aitwaye Don Basilio, naye ni besi, anayeeleza jinsi uchongezi unavyoanza kama upepo mwanana, ukanong'ona, ukavimba, ukapita kinywa hadi kinywa, hatimaye ukalipuka kama mzinga. Na ala za muziki nyuma yake zinafanya hivyohivyo. Nilicheka bila kujua neno la Kiitaliano. Mtu aliyekulia katika mitaa yetu hahitaji kufasiriwa habari za uchongezi.

Kuhusu jukwaa, haki isemwe: mji uliwahi kujengewa ukumbi wa maonyesho katika miaka ya 1950, lile jengo lililobuniwa na msanifu Claude Strebelle, ambalo sasa tunaliita Jengo la 30 Juni na ambamo bunge la mkoa hukaa. Kwa namna yake bado ni jukwaa, nami sitaendelea zaidi ya hapo.

Swali la pili ni refu, kwa sababu linagusa ugumu wenyewe wa kazi hii. Kicheko cha opera kimo ndani ya wakati. Mtu anaingia mapema mno, mwingine anachelewa kutoka, mlango unafunguka, sauti sita zinapandana, na muziki unaongeza kasi mpaka mtazamaji anashindwa kujizuia. Mchoro hauna hata kimoja kati ya hivyo. Nilipoanza nilidhani kwamba nikichora vinywa vilivyo wazi, mikono iliyoinuliwa na mtu mmoja anayekimbia, mtazamaji ataisikia kasi ile. Matokeo yake yalikuwa picha za watu walioonekana kuumwa meno, na zote nimezifungia sandukuni.

Ilinichukua muda kutambua kwamba watunzi walikwisha kunitangulia. Opera nzuri ya kuchekesha ina mahali inapojisimamisha yenyewe. Katika Kinyozi wa Sevilla, mwishoni mwa sehemu ya kwanza, kabaila mmoja, Konte Almaviva, ameingia nyumbani kwa mzee Bartolo akijifanya askari mlevi ili amwone Rosina, msichana anayelindwa na mzee huyo. Fujo inazuka, walinzi wanakuja kumkamata, naye anamwonyesha ofisa wao kwa siri kwamba yeye ni nani. Ofisa anarudi nyuma na kusimama wima. Papo hapo kila mtu anaganda, na wanaimba kwa sauti za chini kwamba wamekuwa baridi na hawajongei kama sanamu. Figaro peke yake, yule kinyozi, ndiye anayemtazama Bartolo na kuvunjika mbavu. Mchoraji angeomba nini zaidi? Watu watano wamesimama tuli, wakimsubiri amalize kuchonga penseli yake.

Tangu hapo natafuta vituo vya namna hiyo. Nasikiliza tukio zima nikiwa na maneno yake katika tafsiri ya Kifaransa, kisha nachora vijichoro vyenye ukubwa wa kiberiti, kumi na tano au ishirini, kwa penseli ya kawaida. Katika ukubwa huo hakuna nyuso; watu ni kama punje za maharagwe zilizoinama au kunyooka. Ninachojiuliza ni kimoja tu: nani anajua na nani hajui? Maana katika vichekesho hivi daima yuko anayejua na asiyejua, na mtazamaji anajua kuliko wote. Kama kwenye kiberiti siwezi kumtofautisha aliyedanganywa na mdanganyaji kwa mgongo wake tu, naacha tukio hilo, hata kama mavazi yake yananitamanisha. Migongo hiyo, na matumbo yanayotangulia mwili, na shingo zinazorudi nyuma kwa mshangao, sikuvipata Ulaya. Nilivipata kwa kundi la Mufwankolo, ambalo kwa miaka mingi liliuchekesha mji huu kwa Kiswahili redioni na kwenye televisheni. Mzee Bartolo wangu anapokasirika, huvuta koti lake chini kwa mikono miwili kama baba mwenye nyumba wa kwetu anayedaiwa na mpangaji arudishiwe dhamana yake.

Kutoka kiberiti naenda kwenye karatasi ya kuangazia, ambapo nachora kila kitu kwa ukubwa wake kamili na kusahihisha nitakavyo, kwa kuwa karatasi ya mwisho haivumilii kufutwafutwa. Wengi hupaka penseli nyeusi nyuma ya rasimu ili kuihamishia kwenye karatasi ya mwisho. Mimi nimeacha, kwani unga wake mweusi huchanganyika na rangi za waridi na manjano, zikawa kama nguo iliyofuliwa pamoja na soksi. Napaka penseli ya kahawia hafifu, na mistari yake humezwa na tabaka za juu bila kuacha alama.

Karatasi ninayoipenda ni ya pamba, nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso laini ambao bado una vishimo vidogo vinavyoshika rangi. Penseli haziko hapa, isipokuwa zile za shule, ambazo ni ngumu na zina chokaa nyingi kuliko rangi. Nzuri huletwa na ndugu wanaosafiri Lusaka au Johannesburg na kurudi kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa. Nina penseli thelathini na sita za aina ya Polychromos, ambazo kiini chake kimefungwa kwa mafuta na huchongeka ncha ndefu inayofaa kwa nyusi na vifungo, na nina sita tu za aina ya Luminance, za nta, laini, ambazo nazitunza kama dawa ya mtoto.

Kabla rangi ya kwanza haijagusa karatasi, kuna kazi isiyoonekana. Nguo za opera hizi zimejaa lesi: shingoni, mikononi, kwenye kofia za kulalia za wazee. Penseli nyeupe haiwezi kuchora lesi juu ya koti jeusi, inateleza tu. Kwa hiyo nachukua biki iliyokwisha wino na kuichora lesi yote kwa kukandamiza, kila tundu na kila ua, nikiacha mifereji mitupu kwenye karatasi. Baadaye ninapopitisha rangi ya koti kwa ubavu wa penseli, inaruka mifereji hiyo, na lesi inajitokeza nyeupe pepepe. Ukikosea hapo huna dawa. Karatasi iliyokandamizwa hainyanyuki tena.

Kisha huanza mistari. Watu wengi hudhani rangi laini hupatikana kwa kusugua penseli huku na huku, nami nilidhani hivyo mpaka siku nilipokaa muda mrefu mbele ya picha za Mwenze Kibwanga. Alikuwa mmoja wa wachoraji wa Hangar, karakana iliyoanzishwa mjini hapa na Pierre Romain-Desfossés katika miaka ya 1940, pamoja na Pilipili Mulongoy na Bela Sara. Bela alipaka kwa vidole vyake. Mwenze alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi ya sambamba, rangi kando ya rangi, ikifuata mwendo wa mwili hadi picha nzima ikawa kama inatetemeka. Hakutumia penseli, lakini kwangu yeye ndiye mwalimu wa penseli. Mistari yangu ikifuata mviringo wa tumbo la Bartolo, tumbo linasogea mbele. Ikikatwa mshazari juu ya sketi ya Rosina, sketi inageuka. Hiyo ndiyo sababu nimebaki na chombo hiki: mstari hauzimiki kabisa chini ya tabaka, na mtetemo wake unanirudishia kidogo ile kasi ya muziki niliyoipoteza kwa kuwasimamisha watu.

Naanza na rangi nyepesi, naelekea kwenye nzito, na nyeusi haiingii mpaka siku ya mwisho, tena kwa kipimo cha chumvi. Giza la nyuma ya jukwaa nalijenga kwa nili, kahawia iliyoiva na damu ya mzee, moja juu ya nyingine. Nyeusi ya penseli pekee huonekana kama shimo lililotobolewa kwenye picha. Mwanga nao nauchagua mapema. Katika nyakati za Mozart na Rossini majukwaa yalimulikwa kwa mishumaa na taa za mafuta, na safu moja ilipangwa sakafuni, mbele ya waimbaji. Mwanga unaotoka chini hung'arisha kidevu, huingia puani, na kuvipandisha vivuli vya nyusi kwenye paji la uso, hata mtu mwenye heshima zake akaonekana kama mwizi wa kuku. Kwa opera ya huzuni ungekuwa balaa, lakini kwa Don Basilio unafaa mno.

Kuhusu ngozi, kwa miaka miwili ya mwanzo niliwachora waimbaji wote kama wazungu kwa sababu tu ndivyo nilivyowaona kwenye majalada ya kanda. Kisha nikamwona Pretty Yende wa Afrika Kusini akiimba Rosina, na Lawrence Brownlee wa Marekani akiwa Almaviva, nikajionea haya. Sasa Rosina wangu ni maji ya kunde na Figaro ni mweusi wa kwetu, na kusema kweli ngozi hizi zinaipa penseli kazi ya maana zaidi. Tabaka la kwanza ni manjano ya udongo, jepesi sana. Juu yake samawati hafifu na zambarau mahali ambapo ngozi inarudisha mwanga wa angani au wa nguo ya jirani: chini ya taya, ubavuni mwa pua, juu ya paji. Baada ya hapo kahawia nyekundu, kahawia iliyoiva, na nili kwenye vivuli vyenyewe. Ukianza moja kwa moja na kahawia, uso unakuwa kama mbao. Samawati ile ya chini haionekani tena kazi ikimalizika, ila ukiiacha, kila mtu atakuuliza kwa nini dada huyu anaonekana mgonjwa.

Nyuso zina tatizo lingine ambalo sikulitarajia. Kinyozi wa Sevilla na Ndoa ya Figaro, opera ya Mozart, zilitokana na tamthilia mbili za Mfaransa Beaumarchais zenye watu walewale: Rosina wa kwanza ndiye mke wa Konte katika ya pili, amekwisha kuolewa na kuchoshwa na mume anayewanyemelea wajakazi. Lakini opera ya Mozart, yenye hadithi ya baadaye, ilitangulia kuimbwa, Vienna mwaka 1786, miaka 30 kabla ya ile ya Rossini. Nami nikawachora kwa mpangilio wa watunzi, kwa hiyo nilimpa mke wa Konte uso wa mwanamke wa makamo kwanza, kisha nikalazimika kumtafuta msichana aliyekuwamo ndani yake. Nilibakisha nyusi na mkao wa shingo, mengine yote nikayarudisha nyuma.

Nguo zina kanuni zao. Satini naimaliza kwa kuikandamiza kwa penseli isiyo na rangi mpaka vishimo vyote vya karatasi vijae nta na uso ung'ae. Baada ya hapo haipokei tabaka jingine, kwa hiyo ni lazima niwe na hakika. Mahameli siikandamizi kamwe, naacha chembe za karatasi zipumue kati ya rangi, la sivyo inageuka kuwa plastiki. Kukandamiza kumenifunza adabu. Koti la Konte, katika mchoro wangu wa kwanza mkubwa, nililisugua kwa nta kwa fahari kubwa, nikalifunga kwenye karatasi, na wiki chache baadaye nilipolifungua lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe. Nililaumu paa, nikalaumu mvua za Januari, nikalaumu hata sabuni ya mwenzangu. Kumbe nta yenyewe ikiwekwa kwa wingi hupanda juu ya rangi polepole na kutoa utando huo. Kitambaa laini kiliuondoa kwa mpapaso mmoja, na tangu hapo giza lote nalichora kwa penseli za mafuta, kisha naupulizia mchoro dawa ya kuukinga, tabaka nyembamba mbili, uani, upepo ukiwa umetulia. Kiangazi ni hatari zaidi kuliko mvua, kwa maana vumbi letu jekundu likishikwa na dawa hiyo kabla haijakauka, linakuwa sehemu ya mandhari ya Sevilla.

Nachora kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita. Si kwa sababu ya umeme tu, ingawa umeme nao una mapenzi yake. Balbu nyeupe za siku hizi huniongopea rangi. Zambarau niliyoichagua usiku niliikuta asubuhi ni kijivu.

Mchoro ninaoupenda kuliko yote ni wa chupa. Katika Dawa ya Mapenzi ya Gaetano Donizetti, iliyoonyeshwa kwanza Milan tarehe 12 Mei 1832, tapeli aitwaye Dulcamara anafika kijijini kwa mbwembwe na kuuza dawa inayoponya kila kitu. Kijana maskini Nemorino anamwomba dawa ya kupendwa, naye anamuuzia chupa ya mvinyo wa Bordeaux, akimwonya kwamba itafanya kazi baada ya siku moja, yaani baada ya yeye kuondoka. Mtu huyu sikuhitaji kumbuni. Nilikwenda sokoni katika komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, Jumamosi mbili, nikasimama nyuma ya watu wanaomsikiliza muuza dawa mwenye kipaza sauti, nikachora mkono wake tu: jinsi anavyoiinua chupa juu ya macho ya watu, lebo ikiwa imegeukia kwake.

Ila kichekesho hakimo mkononi. Kimo katika kwamba mtazamaji ajue ule ni mvinyo na Nemorino asijue, bila mimi kuandika neno. Niliharibu karatasi mbili nikijaribu kulisema hilo kwa uso wa Dulcamara, nikimpa kicheko cha pembeni, jicho la kukonyeza, na kila mara alionekana mjinga kuliko mteja wake. Jibu lilitoka kwenye tukio lenyewe, kwa maana kando ya uwanja ule wa kijiji pana nyumba ya wageni. Niliweka meza mlangoni pake, na hapo mezani mzee mmoja asiyehusika na lolote, mwenye glasi ya mvinyo. Glasi ile na chupa ile nilizijaza kwa penseli zilezile, kwa mpangilio uleule: doa la karatasi tupu kwa mng'ao, manjano pale mwanga unapopenya, chungwa, nyekundu, damu ya mzee, na kijani kidogo mno kwenye sehemu nzito ili wekundu utulie. Katika mchoro mzima wekundu huo hauonekani mahali pengine popote. Hata midomo ya Adina, msichana anayependwa na Nemorino, niliipa rangi ya udongo. Jicho la mtazamaji linatoka kwenye chupa, linatangatanga, linaiona glasi, na hapo ndipo anapocheka. Nimewaangalia watu wengi wakifanya safari hiyo, nami sichoki.

Sasa narudi kwenye kiti. Ni sehemu ya kwanza ya Ndoa ya Figaro. Kijana Cherubino amekuja chumbani kwa mjakazi Susanna; Konte anapoingia, kijana anajificha nyuma ya kiti. Basilio naye anakuja, kwa hiyo Konte anakimbilia nyuma ya kiti hichohicho, na Cherubino anazunguka na kujikunja juu yake, huku Susanna akimfunika kwa nguo. Cherubino huimbwa na mwanamke, kwa hiyo mkono mmoja unaoonekana kidogo chini ya nguo ni lazima uwe wa mwanamke anayejifanya mvulana, jambo lililonigharimu asubuhi nzima. Wengi huchora dakika inayofuata, Konte anapoiinua nguo na kumkuta kijana. Mimi nachora hii ya kabla, wakati Basilio anasengenya kwa starehe zote akidhani yuko peke yake na Susanna, na kiti kimejaa watu juu na nyuma.

Nguo ilikuwa imekamilika, mikunjo yake yote ya satini ikingojea tu kukandamizwa, juzi alipokuja binti wa jirani, mwenye miaka minane, akaegemea meza na kuangalia kwa muda mrefu.

"Papa," akaniuliza, "huyu wa chini ya nguo anapumua namna gani?"

Nikatazama. Nilikuwa nimemziba kabisa. Nilichukua kifutio laini, nikakifinyanga kuwa na ncha, nikaigusagusa rangi mpaka ikapungua, nikainua ukingo wa nguo kiasi cha pua moja, upande ambao Konte hauoni.